Kifaa cha Kukandia Mgongo

Risiti iliandikwa: vifaa vya kukandia mgongo, viwili.
Kijana wa bodaboda pale Nkuhungu hakuuliza mgongo wa nani.
Nikamlipa, nikafunga geti, nikafunga mlango,
nikafunga na dirisha, ingawa vumbi la Agosti
halijawahi kuheshimu dirisha.

Foibe ndiye aliyeagiza. Mhasibu,
hanunui hata kitunguu bila kulinganisha.
"Damari," aliniambia, "sisi ni wajane, si marehemu.
Kimoja kinatetema, kingine kinafyonza.
Viwili vyako, viwili vyangu.
Wiki mbili, halafu tupeane taarifa."

Nikaanza na cha kutetema,
rangi ya bilinganya, kizito kama mchi mdogo.
Nilipokiwasha nilisikia ilimba ya babu Chilewa,
ule utando wa buibui aliobandika juu ya tundu
ili kila noti iwe na nyuki ndani yake.
Kilianzia mbali, kikaingia mifupani,
kikafika hadi kwenye magego.
Ukikisogeza kinasogea. Ukisita kinakusubiri.
Lakini kelele, jamani!
Mpangaji wa chumba cha pili, mwalimu Mbeleje,
asubuhi akanisalimia vizuri, akaniuliza
ile blenda nimeinunua wapi.
Na vidole vilikufa ganzi
kama vya mtu aliyeshikilia mdomo wa mashine ya kusaga
hadi madebe sita ya mtama yakaisha.

Cha kufyonza ni kimya.
Kidogo, kina mdomo wa mviringo,
wala hakigusi hasa: kinavuta hewa, kinaiachia,
kinavuta tena.
Msimu wa zabibu, utotoni kule Hombolo,
tuliibana zabibu kwa midomo
hadi nyama ikachomoka, ikatua ulimini,
ganda likabaki nje.
Ni hivyo. Ila zabibu ni mimi.
Dakika mbili, nikasikia sauti,
nikadhani ni ya jirani.
Ilikuwa yangu.

Foibe amefunga hesabu: cha kufyonza kimeshinda,
kwa muda, kwa betri, kwa siri.
Sikumbishia.
Ila mimi kile kinanifikisha kabla sijatoka nyumbani.
Kama treni mpya, unakaa tu, Morogoro hii hapa,
na njiani umeona nini?
Cha kutetema ni basi la zamani:
linasimama Kibaigwa, linasimama Gairo,
unanunua mahindi ya kuchoma,
unafika umechoka, lakini barabara unaijua.

Kuna jambo sikumwambia Foibe.
Miaka kumi na tisa na Yohana Lechipya,
mwanamume mwema, hakuwahi kuninyima chumvi,
na sikuwahi kumwambia neno moja: hapa.
Silabi mbili.
Nilifundwa na mashangazi waliofundwa kunyamaza.
Walinipa shanga, wakanipa ramani ya mwili wake
na kila kichochoro chake;
wangu wakauacha pori.

Hivi vidude havina masikio,
kwa hiyo mkono wangu ulilazimika kusikia.
Kushoto kidogo. Juu. Siyo hapo, bibi wee, rudi.
Nina miaka hamsini na mmoja
na neno hilo nimefundishwa na plastiki.

Jana umeme ulikatika saa tatu usiku.
Vyote viwili vimeisha chaji, vimelala kwenye droo
chini ya vitenge na vyeti vya shule.
Nikalala chali gizani.
Upepo ulikuwa unalisukuma bati kama mtu anayetafuta funguo.
Yohana akanijia, si kwa huzuni, kwa udadisi tu:
ningemwambia, angefanyaje?
Pengine angecheka. Pengine angeuliza, wapi?

Nikasema kwa sauti, chumba kikiwa kitupu:
hapa.
Nikaweka mkono.

Upande wa pili wa ukuta mwalimu Mbeleje akakohoa,
akaongeza redio yake ya betri.